Kulala na Kufa kwa Ngoma: Mganda, Kaya na Urithishaji wa Sanaa Jadi katika Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna familia na jamii zinavyodumisha sanaa jadi, kwa kutumia mfano wa mganda, ngoma ya ushindani ya wanaume inayochezwa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Mjadala unaanzia kwenye kauli ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika anwani ya utafiti mmoja kuhusu ngoma hiyo: mchezo umelala. Makala yanadai kwamba tofauti iliyopo kati ya kulala na kufa si ya mtindo wa usemaji tu, bali inabeba nadharia ya wenyeji kuhusu uhai wa sanaa. Ngoma hulala pale ambapo haichezwi lakini mahusiano yanayohifadhi ujuzi wake bado yapo. Hufa pale ambapo mahusiano hayo yamevunjika, hata kama ngoma yenyewe inaonekana jukwaani. Kwa kuzingatia historia ya mganda, msamiati wake, lugha ya nyimbo zake na nafasi ya kaya katika kuifadhili, makala yanapendekeza dhana ya makao iongezwe katika uchanganuzi wa fasihi simulizi na sanaa za maonyesho.

1.0 Utangulizi

Uchambuzi wa fasihi simulizi ya Kiswahili na ya lugha nyingine za Tanzania umeweka mkazo mkubwa katika utendaji. Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaitazama fasihi hiyo kuwa ni tukio lililofungamana na muktadha wa kijamii, linalotokana na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mtazamo huo ulisaidia kuikomboa taaluma kutoka katika mazoea ya kuichukulia fasihi simulizi kuwa ni matini tu yaliyokosa maandishi. Hata hivyo, mtazamo unaoanzia kwenye utendaji unaacha swali moja bila jibu la moja kwa moja: fani inakuwa wapi wakati haitendwi?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa fani za msimu. Ngoma nyingi za Tanzania huchezwa kwa miezi michache ya mwaka, kwa kawaida baada ya mavuno, na baadhi hukaa miaka kadhaa bila kuchezwa kutokana na njaa, msiba, vita au ukata. Zikirudi, hurudi zikiwa na mitindo, nyimbo na vyeo vyake. Haiwezekani kusema kwamba katika kipindi hicho chote fani haikuwapo. Wala haiwezekani kusema ilikuwapo kama utendaji.

Mganda unatoa nafasi nzuri ya kulichunguza suala hili. Stephen Hill, aliyetafiti muziki wa Wamatengo, aliipa sura yake katika kitabu Mashindano! (2000) anwani inayoanza na maneno ya Kiswahili Mchezo Umelala, kisha akayaunganisha maneno hayo na ushindani, usasa na uchumi wa Umatengo. Mwaka 2001 alichapisha makala nyingine katika jarida la Africa Today, na anwani yake ikauliza kama mganda umekufa. Anwani hizo mbili zinaweka bega kwa bega vitenzi viwili ambavyo Kiswahili hakivichanganyi. Makala haya yanakaa katika nafasi iliyopo kati ya vitenzi hivyo.

2.0 Mahali, Watu na Chimbuko la Mganda

Eneo linalozungumziwa lina sura mbili za kijiografia. Upande wa mashariki ni milima ya Umatengo, wanakoishi hasa Wamatengo, wakulima wa mahindi, maharage na kahawa ya arabika. Upande wa magharibi milima inashuka hadi ziwani, kwenye vijiji vya wavuvi na wakulima wa mihogo na mpunga, wakiwamo Wampoto, Wamanda na Wanyanja, ambao kwa pamoja huitwa Wanyasa. Mbamba Bay, Liuli na Lituhi ni miongoni mwa makazi makubwa ya mwambao huo. Kwa miaka mingi pande zote mbili zilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 mwambao ulitengwa na kuwa Wilaya ya Nyasa. Mpaka huo wa kiutawala haukugawanya mapokeo. Ziwa nalo halikuwa mpaka: lugha ya Kinyanja, ndoa, biashara ya samaki na safari za misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma viliwaunganisha watu wa pwani ya Ruvuma na wenzao wa Malawi na Msumbiji.

Mganda ni zao la mawasiliano hayo na la vita. Ranger (1975), katika historia yake ya ngoma ya beni, anaonyesha jinsi mtindo wa ngoma uliojengwa juu ya bendi na gwaride la kijeshi ulivyoanzia katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ukaenea bara kupitia vyama vya ushindani vya Arinoti na Marini, na kusambazwa zaidi na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwambao wa Nyasa uliguswa na vita hiyo mapema. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa ufukoni Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Katika miaka iliyofuata, vijana wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari wa Keya, askari wa Wajerumani au wapagazi. Waliorudi walirudi na kwata, filimbi, amri na mavazi.

Kutokana na mchanganyiko huo yalizaliwa matawi kadhaa ya beni katika nchi zinazozunguka ziwa: malipenga miongoni mwa Watonga wa Malawi, mganda katika maeneo mengine ya Malawi, Zambia na Ruvuma, na kalela katika miji ya migodi ya shaba huko Zambia. A. M. Jones aliandika kuhusu muziki wa mganda mwaka 1945, na J. Clyde Mitchell akaifanya kalela kuwa maarufu katika anthropolojia mwaka 1956. Katika matawi haya wanaume hupanga safu, huvaa nadhifu, hutembea na kugeuka kwa pamoja kwa mwendo wa kujizuia, huku ngoma kubwa ikiongoza hatua. Ala inayoyatambulisha zaidi ni kibuyu cha kuimbia: mchezaji hutoa sauti yake ndani ya kibuyu kilichotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba, aghalabu wa buibui, na sauti ya mtu hutoka ikiwa na mlio wa tarumbeta. Tarumbeta ya shaba iliyokuwa mali ya dola ikawa kibuyu kilichooteshwa nyuma ya nyumba.

Mganda una dada yake. Wanawake huchezea kioda, ambayo ng'ambo ya ziwa hutamkwa chioda, nayo pia ni ngoma ya safu, sare na ushindani. Ubadilishanaji wa ki- na chi- katika jina hilo ni ule unaojulikana kati ya Kiswahili na Kinyanja katika ngeli ya 7, na unaonyesha kwamba jina limesafiri pamoja na ngoma na kuvaa umbo la lugha ya mwenyeji.

Historia hii inaleta tatizo la istilahi. Katika mazungumzo ya kawaida na katika shughuli za serikali, mganda huhesabiwa miongoni mwa ngoma za asili. Iwapo asili ina maana ya kuwapo kabla ya ukoloni, basi mganda hauna asili hiyo. Una umri wa karibu karne moja na umebeba alama za majeshi mawili ya Ulaya. Lakini wenyeji hawakosei. Wanachokiita asili si umri wa fani bali njia iliyoifikisha kwao: wameipokea kutoka kwa baba, mjomba na kijiji, si kutoka shuleni wala redioni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa kitamaduni usioshikika nao unauelezea urithi kwa kurithishwa kizazi hadi kizazi na kuumbwa upya na jamii kila mara, si kwa ukongwe wake.

3.0 Ushahidi wa Msamiati

Majina ya ngoma hizi yanastahili kutazamwa kwa makini. Neno malipenga ni wingi wa lipenga, yaani tarumbeta au kibuyu cha kuimbia. Kwa kanuni ya ngeli za 5 na 6, wingi ungetarajiwa kuwa mapenga, kiambishi li- kikibadilishwa kuwa ma-. Badala yake, li- imebaki na ma- imeongezwa mbele yake. Kiambishi cha zamani kimegandamana na mzizi na kuhesabiwa kuwa sehemu ya neno. Mganda, kwa upande wake, haupaswi kuchanganywa na neno la Kiswahili mganda lenye maana ya fungu la nafaka au majani, wala na jina la mtu wa Buganda.

Jambo la pili ni vyeo. Katika kalela, Mitchell aliwakuta mfalme, daktari na nesi miongoni mwa wahusika wa kikundi, na mpangilio wa namna hiyo unajulikana katika ukoo mzima wa ngoma za beni. Maneno kama kingi, dokta, nesi, kapteni na sajini yaliingia katika lugha za wenyeji kwa njia ya mchezo sambamba na njia ya kazi. Kuyaona maneno hayo kuwa ni mwigo tu wa wakoloni ni kupuuza kazi yaliyopewa. Nje ya mchezo, vyeo hivyo vilikuwa vya watu wachache na havikufikiwa na mwanakijiji. Ndani ya mchezo viligawiwa na kijiji chenyewe kwa kuzingatia umahiri, nidhamu na heshima ya mtu katika jamii. Ranger alisisitiza kwamba beni haikuwa kasuku wa Wazungu: ilikuwa chombo ambacho Waafrika walikitumia katika mashindano yao wenyewe ya hadhi. Msamiati wa mganda unaunga mkono hoja hiyo.

Jambo la tatu ni neno mchezo. Katika maelezo ya kitaaluma mganda huitwa ngoma, lakini katika kauli iliyonukuliwa na Hill unaitwa mchezo. Kiswahili hutumia neno mchezo kwa mpira, tamthilia, shughuli ya watoto na hata kwa chama cha kuchangiana fedha. Maana hizo zina kiini kimoja: shughuli yenye kanuni, zamu na washiriki wanaotegemeana. Katika mchezo wa kupeana fedha, aliyepokea leo anawajibika kutoa kesho. Kama itakavyoonekana katika sehemu inayofuata, mganda unaendeshwa kwa mantiki hiyo hiyo.

4.0 Kaya kama Mfadhili na Mwalimu

Kikundi cha mganda ni cha kijiji au kitongoji, na uhai wake uko katika mwaliko. Kijiji kimoja hukialika kingine. Wageni hufika na wachezaji, wapiga ngoma na wapambe wao. Mwenyeji hupaswa kuwalisha na kuwalaza. Kisha wageni hao huwa na deni la kualika. Ushindani wa nani amecheza vizuri zaidi unaambatana na ushindani wa nani amekirimu vizuri zaidi. Hivyo, nyuma ya kila safu ya wanaume waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi kuna kazi ambayo hadhira haiioni uwanjani: kutwanga na kusaga, kuchota maji, kupika pombe, kufua nguo, kutoa kuku au mbuzi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanawake. Kwa maana hiyo, hata ngoma inayoitwa ya wanaume ni zao la kaya nzima.

Umatengo una taasisi mbili za kijamii zinazosaidia kuuelewa mpangilio huu. Ya kwanza ni ntambo, yaani sehemu ya mteremko wa mlima iliyo kati ya vijito, ambayo kwa desturi ilimilikiwa na kulimwa na ukoo mmoja. Ya pili ni sengu, utaratibu wa watu wa ukoo kula pamoja kwa mzee wao. Chakula kilitoka katika nyumba mbalimbali za ukoo. Wakati wa kula yalizungumzwa mashamba, ndoa na migogoro, na vijana walifundishwa kwa kusikiliza. Sengu haikuwa shule ya ngoma. Ilikuwa mahali pa kujifunza jambo la awali zaidi: nafasi ya mtu kati ya wenzake, namna ya kuwa chini ya mkubwa na juu ya mdogo, na wajibu wa kutoa kwa sababu ulishapokea. Bila mafunzo hayo, mwaliko wa mganda hauwezi kutimizwa.

Kilimo cha ngoro kinatoa mfano sambamba wa ujuzi wa namna hii. Katika kilimo hicho cha mashimo, ambacho Wamatengo wanajulikana nacho kwa kuzuia mmomonyoko katika miteremko mikali, wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika majani hayo. Hakuna mwongozo ulioandikwa wa kazi hiyo. Mtoto huijua kwa kufanya kazi pembeni ya mzazi, na mikono yake huzoea vipimo kabla hajaweza kuvieleza. Mganda hufundishwa vivyo hivyo: watoto huiga safu za wakubwa kwa vibuyu vya kuokoteza na mikebe, na anayeonekana kuwa na sikio huvutwa karibu. Ni ujuzi wa mwili unaohitaji ukaribu wa muda mrefu, na ukaribu huo hutolewa na kaya.

Kwa kuwa kaya ndiyo mfadhili, mchezo unategemea hali ya kaya. Kahawa iliwapa Wamatengo fedha za sare, viatu, safari na karamu. Julai 1989 mfumo wa migawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei katika soko la dunia ikaporomoka. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku za pembejeo ziliondolewa nchini Tanzania, na kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia katika soko lililokuwa mikononi mwa ushirika. Mkulima alipata hasara pande zote mbili: gharama zilipanda na uhakika wa malipo ukapungua. Kijiji kisichoweza kuwalisha wageni hakiwezi kualika, kisichoalika hakialikwi. Katika mfumo wa kupeana zamu, wachache wakishindwa kulipa deni la mwaliko, mzunguko mzima husimama. Hali hiyo ndiyo inayoelezewa kwa kauli kwamba mchezo umelala.

5.0 Lugha ya Nyimbo

Mabadiliko mengine yanahusu lugha. Nyimbo za ngoma za ziwa zimeimbwa kwa Kinyanja, kwa lugha za wenyeji kama Kimatengo na Kimpoto, na kwa Kiswahili, na mara nyingi lugha zaidi ya moja hukutana katika onyesho moja. Nobuko Yoneda, aliyekitafiti Kimatengo kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 1996 athari ya kuenea kwa Kiswahili kwa lugha hiyo, na mwaka 2010 akauita mchakato huo uswahilishaji wa lugha za makabila. Kwa mtafiti wa sanaa, mchakato huo una matokeo mawili.

Tokeo la kwanza ni la kimuziki. Kimatengo ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana, na mtunzi wa wimbo hulazimika kuupatanisha mkondo wa tuni na toni za maneno. Kiswahili sanifu hakina toni. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo ukihamishwa kutoka Kimatengo kwenda Kiswahili, tuni hupata uhuru iliokuwa haina, lakini mapigo hupata sharti jipya, kwa kuwa mkazo unadai kuangukia mahali pake. Katika mganda jambo hili linapata uzito zaidi kwa sababu kibuyu hubeba tuni bila konsonanti zilizo wazi. Msikilizaji wa lugha ya toni anaweza kuyakisia maneno kutokana na mkondo wa sauti. Msikilizaji wa Kiswahili anauhitaji wimbo uwe umeimbwa kwanza kwa mdomo. Inafaa kuchunguza kwa rekodi kama kuhamia Kiswahili kumepunguza uwezo wa kibuyu kusema na kukiacha kikiwa pambo la sauti.

Tokeo la pili ni la kijamii. Nyimbo za mashindano zina mafumbo, vijembe na majina ya watu na vitongoji. Kwa lugha ya nyumbani, kijembe hueleweka na wachache waliokusudiwa. Kwa Kiswahili, hueleweka na mgeni rasmi pia. Mtunzi anayejua kwamba kila mtu atamwelewa hulegeza ukali au huhamia kwenye mada zisizomgusa mtu, kama vile maendeleo, afya na sifa za viongozi. Kwa hiyo, kuingia kwa Kiswahili hakujaondoa ubunifu, lakini kumeielekeza hadhira upya: kutoka kijiji jirani kinachodaiana na mwimbaji hadi taifa lisilomdai kitu.

6.0 Kulala, Kufa na Dhana ya Makao

Sasa inawezekana kurudi kwenye kitenzi. Kiambishi -me-, kikiambatana na vitenzi vya kuingia katika hali, huonyesha hali iliyopo sasa kutokana na badiliko lililokwisha kutokea. Amelala maana yake yuko usingizini; amekufa maana yake hayuko hai. Vitenzi hivyo viwili vinafanana kwa sarufi ya njeo, lakini vinatofautiana kwa kile kinachoweza kufuata. Kulala kuna kinyume chake cha kawaida, kuamka, na kuna unyambulishaji wa kusababisha, kuamsha. Kufa hakuna kurudi katika mazoea ya maisha. Kufufua ni jambo la muujiza. Matumizi ya kisitiari yanaihifadhi tofauti hiyo. Biashara iliyolala ina duka, bidhaa na mwenyewe, ila wateja hawapo. Biashara iliyokufa imefungwa na mwenyewe ameshughulika na mambo mengine.

Kauli mchezo umelala ina kejeli yake pia, kwa kuwa ngoma ndiyo inayotarajiwa kuwakesha watu. Lakini zaidi ya kejeli, kauli hiyo inatoa dai linaloweza kupimwa: kwamba kilichokosekana ni utendaji, si uwezo wa kutenda. Dai hilo haliwezi kuelezwa kwa vipengele vya fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati peke yake, kwa sababu vipengele hivyo hukutana pale tu utendaji unapokuwapo. Makala haya yanapendekeza kiongezwe kipengele cha makao: mtandao wa mahusiano ya kaya, ukoo na ujirani ambamo ujuzi wa fani na wajibu wa kuifadhili huhifadhiwa, fani itendwe au isitendwe. Makao yanatofautiana na mahali. Uwanja wa kijiji ni mahali pa mganda. Deni la mwaliko, mjomba anayejua kuziba kibuyu na nyumba zinazochangia unga ni makao yake.

Dhana hiyo inatoa vigezo vitatu vya kuutambua usingizi na kifo. Kigezo cha kwanza ni ujuzi: je, wapo watu wanaoweza kutengeneza ala, kuongoza safu na kutunga, na je, wapo vijana wanaoishi karibu nao kiasi cha kujifunza? Cha pili ni wajibu: je, kaya bado zinatambua kwamba kuwakirimu wageni wa mchezo ni jukumu lao? Cha tatu ni lugha: je, maneno ya mchezo, vyeo vyake na mafumbo yake bado yanatumika katika utani na mazungumzo ya kila siku? Pale ambapo majibu ni ndiyo, mchezo umelala. Pale ambapo majibu ni hapana, mchezo umekufa, hata kama kikundi kilichosajiliwa kinauonyesha kwenye sherehe za kitaifa.

Vigezo hivi vinaonyesha udhaifu wa njia iliyozoeleka ya kuhifadhi ngoma. Tangu kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwaka 1962, na baadaye kupitia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, taifa limejitahidi kuzipa ngoma jukwaa. Wataalamu kama Siri Lange (1995) na Kelly Askew (2002) wameonyesha jinsi ngoma za mikoa zilivyofupishwa, kupangwa upya na kuchezwa na wasanii wasiotoka katika jamii husika. Jukwaa hilo lina faida zake: limewapa wasanii ajira na limewafanya Watanzania wajuane. Lakini jukwaa huhifadhi utendaji na kuyaacha makao. Mganda uliofupishwa hauna mwaliko, hauna deni wala karamu. Unaweza kuchezwa kila mwaka mjini huku mizizi yake ikikauka vijijini.

Tofauti ya sanaa za utendaji na sanaa za vitu inalifanya suala hili kuwa la haraka zaidi. Katika ncha ya kaskazini ya ziwa hilo hilo, karibu na Matema, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu, nao ujuzi huo hupita kwa mama na mabinti. Ufinyanzi nao unategemea kaya, lakini chungu humzidi mfinyanzi umri. Mtu anaweza kukishika, kukipima na kukisia kilivyotengenezwa. Safu ya mganda haiachi chungu. Ikisimama, kinachobaki ni watu tu.

Usingizi, hata hivyo, si hali tupu. Anwani ndogo ya makala ya Hill ya mwaka 2001 inataja mwendelezo na mabadiliko, na inaelekeza macho kwenye aina nyingine za muziki zinazopendwa na vijana. Kwaya za makanisa ni mfano ulio wazi wa kuchunguzwa: zina sare, safu, hatua za pamoja, viongozi wenye vyeo, safari za kualikana na mashindano. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani (1962–1965) kuifungulia liturujia ya Kikatoliki milango ya lugha na ala za wenyeji, ngoma ziliingia katika makanisa ya milima hii kwa ridhaa. Inawezekana kwamba sehemu ya wajibu na ujuzi wa mganda imepanga chumba katika kwaya. Ikiwa ni hivyo, kwaya haijaua mganda. Imeutunzia makao yake, ingawa kwa masharti mapya, kwa kuwa inawaweka wanaume na wanawake katika safu moja na kuacha nje pombe na vijembe.

Mfano wa sengu unaonyesha kwamba taasisi iliyolala inaweza kuamshwa. Baada ya utaratibu huo kufifia, mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na washirika wa Kijapani uliofanya kazi katika kijiji cha Kindimba uliwakuta wanakijiji wakilichukua jina la sengu na kuliita kamati yao ya maendeleo. Hawakurudi kula pamoja kama babu zao. Walichokiamsha ni wazo la kukaa pamoja, kusemezana na kuwajibishana. Jina lilikuwa bado lina maana kwao, na kwa hiyo liliweza kufanya kazi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mganda, ngoma iliyozaliwa na gwaride la majeshi ya kigeni, ulikuwa wa jadi kwa sababu kaya za Umatengo na mwambao wa Nyasa ziliupokea, zikaulisha na kuurithisha. Yameonyesha pia kwamba kauli ya Kiswahili mchezo umelala inatofautisha mambo mawili ambayo taaluma imekuwa ikiyachanganya: kukosekana kwa utendaji na kuvunjika kwa mahusiano yanayouwezesha. Dhana ya makao imependekezwa ili kuipa tofauti hiyo nafasi katika uchanganuzi.

Pendekezo hili lina matokeo kwa utafiti wa uwandani. Mtafiti anayerekodi onyesho moja la mganda amerekodi sehemu ndogo ya fani. Anahitaji pia kuandika nani alimwalika nani, nani alipika, nani alifua sare, nani alimfundisha mpiga ngoma na wana undugu gani. Anahitaji kukusanya msamiati wa mchezo katika Kimatengo, Kimpoto, Kinyanja na Kiswahili kabla wazee wanaoutumia hawajaondoka, na kurekodi nyimbo pamoja na toni zake, si maneno yake pekee. Kwa upande wa sera, shilingi inayotumika kumsaidia mkulima wa kahawa kuwakirimu wageni wake inaweza kuufaa mganda kuliko shilingi inayotumika kununulia kikundi spika. Ngoma iliyolala huamshwa na wenyewe, nyumbani kwake. Kazi ya msomi na ya dola ni kuhakikisha nyumba hiyo bado ipo.